Long'i

Pita soko la Gikomba, Nairobi, asubuhi marobota ya mitumba yanapofunguliwa, au ingia Soko la Uhuru kwenye Barabara ya Jogoo, na suruali utaisikia ikiitwa long'i. Wapo vijana wanaosema trao, lakini long'i ndilo lililokita mizizi Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Dandora na Kayole.

Limetokana na neno la Kiingereza long, yaani refu. Koti, sketi na soksi tuliyachukua yakiwa tayari majina ya mavazi. Hili tulilichukua likiwa sifa, na historia ya suruali inaeleza kwa nini. Mwanzoni mwa karne ya 20, wavulana wa Uingereza walivaa suruali fupi mpaka wabaleghe, ndipo wakapewa ndefu, zilizoitwa longs. Kwao shorts lingali hai, longs limekaribia kusahaulika. Kwetu tofauti hiyo ilibeba uzito mwingine. Enzi za ukoloni, askari wa King's African Rifles na polisi walifanya kazi wakiwa na kaptula, hata kama ni baba wa watoto, ilhali suruali ndefu ilimtambulisha karani na mwalimu. Baada ya uhuru mpaka huo ukabaki shuleni: kaptula kwa mvulana wa msingi, long'i kwa wa sekondari. Naamini shule ndiyo iliyolihifadhi neno hili kuliko kitu kingine chochote. Mpaka mwaka 2024, kidato cha kwanza kilipopokea wanafunzi wake wa mwisho, mzazi aliyemtafutia kijana sare mwezi Januari alimnunulia long'i yake ya kwanza ya shule, na kijana alijua fika maana yake.

Sauti nayo ilisaidia. Long huishia kwa ng' ile ile ya ng'ombe, hivyo ulimi wa Mswahili haukuhangaika. Uliongeza irabu tu, kama ulivyofanya kwa shati. Ndiyo maana ritifaa isiachwe: ukiandika longi, msomaji atatamka ng ya ngoma.

Gikomba neno hili lina jamaa zake. Long'i ya kamera ni ile bora, inayochaguliwa kwanza robota likifunguliwa. Fagia ni mabaki ya mwisho. Ukishanunua, unampelekea fundi aliyeweka cherehani kando ya njia. Anaigeuza ndani nje, anapima mguu wako, anachora mstari kwa chaki, anakata, anapitisha ovaloki, kisha anapiga pindo. Kiuno kikipwaya anakipunguza papo hapo.

Mtoto naye hukua haraka kuliko kitambaa. Mama wa mtaa wa Umoja akimtazama mwanawe vifundo vikiwa nje, husema, "Hiyo long'i imekuwa fupi." Hakuna anayesikia mgongano wowote katika sentensi hiyo, kwa sababu urefu ulishatoka ndani ya neno zamani. Iliyobaki ni nguo.