Maji Yanaelekea Wapi? Kusoma Mkondo wa Kijito kwenye Ramani

Vijiji vingi vya milimani hupata maji ya bomba kwa njia ya mserereko. Maji hukingwa kwenye banio lililo juu, kisha hushuka yenyewe hadi vituo vya kuchotea. Kabla ya kuchagua mahali pa banio, kamati ya maji inapaswa kujua maji hayo yanapita kwa nani kabla ya kutufikia, na yanakwenda kwa nani baada yetu. Banio likijengwa chini ya josho la ng'ombe au vyoo vya kitongoji jirani, bomba litatuletea magonjwa badala ya afya. Ramani yenye kontua inatusaidia kuliona hilo kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Kontua ni nini?

Kontua ni mstari, mara nyingi wa rangi ya kahawia, unaounganisha sehemu zote zenye kimo kilekile kutoka usawa wa bahari. Ukitembea juu ya mstari huo, hupandi wala hushuki. Tofauti ya kimo kati ya mstari mmoja na unaofuata huandikwa pembeni au chini ya ramani. Inaweza kuwa mita 20. Ramani za zamani hutumia futi. Mistari ikibanana, mteremko ni mkali. Ikiachana, mteremko ni mdogo.

Juu ya karatasi si mlimani

Wengi wetu hudhani kwamba mto hutiririka kutoka juu ya karatasi kwenda chini. Sivyo. Kwa kawaida juu ya karatasi ni kaskazini tu. Mto Kagera, kwa mfano, huelekea kaskazini kwenye mpaka wa Rwanda na Tanzania, kisha hugeuka mashariki na kuingia Ziwa Victoria. Kwenye ramani, sehemu hiyo ya mpakani huonekana kama inapanda.

Kanuni ya herufi V

Kontua inapokatiza kijito hujikunja kama herufi V. Ncha ya V huelekea maji yanakotoka. Upande ulio wazi huelekea yanakokwenda.

Ili kuelewa sababu yake, fanyeni jaribio hili katika kikundi. Finyangeni kilima cha udongo wa mfinyanzi na mchimbe mfereji mmoja kutoka kileleni hadi chini. Kiwekeni ndani ya beseni. Mimineni maji yafikie kimo cha kidole kimoja, kisha chora alama kwa kijiti pale maji yanapogusa kilima. Ongezeni maji kimo kilekile na mchore tena, hadi karibu na kilele. Mwageni maji na mtazame kutoka juu. Mtaona kila mstari unaingia ndani ya mfereji, ukichongoka kuelekea kileleni.

Tahadhari: mgongo wa kilima pia hufanya V, lakini ncha yake huelekea chini. Kwa hiyo tusitegemee umbo peke yake.

Hatua za kufuata

1. Tafuta kijito, ambacho kwa kawaida ni mstari wa buluu.
2. Soma namba za kontua mbili zinazokikata. Zikiwa 1,240 na 1,220, maji yanatoka 1,240 kwenda 1,220.
3. Hakikisha kwamba ncha za V zinaelekea kwenye namba kubwa.
4. Kama hakuna kontua karibu, fuata kijito mbali zaidi hadi uzipate.
5. Weka mshale, kisha orodhesha vitongoji, mashamba na majosho yaliyo upande wa juu.

Kwa mradi wa mserereko, linganisha pia vimo. Banio likiwa mita 1,260 na kituo mita 1,200, tofauti ni mita 60. Bomba linaweza kushuka bondeni na kupanda tena, lakini likipita kwenye mgongo ulio juu kuliko banio, maji hayatavuka yenyewe. Vipimo vya mwisho vifanywe na fundi wa maji, kwa sababu ramani haionyeshi kila kinachotokea kati ya kontua mbili.

Nendeni mkaone

Ramani ya zamani haionyeshi nyumba zilizojengwa mwaka jana. Tembeeni kando ya kijito pamoja na wazee wanaokifahamu wakati wa kiangazi na masika. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000 umbali huo ni zaidi kidogo ya milimita moja tu, kwa hiyo upimeni kwa miguu.

Mwisho, kaeni na majirani wa juu mkubaliane jinsi ya kulinda maji. Kisha geukeni mtazame chini, kwa sababu huko nako kuna jirani anayetutegemea sisi.