Mlima Rungwe, Jirani Yetu wa Moto

Wasikilizaji, ninyi mkaao Mbinga, Ngaka na pwani ya Nyasa mmezoea kuishi kati ya milima. Lakini milima yote haikuzaliwa kwa njia moja. Milima ya Livingstone, isimamayo kama ukuta kando ya ziwa, ni miamba ya kale iliyoinuka nchi ilipopasuka na kufanya bonde la Nyasa. Makaa ya mawe ya Ngaka nayo hayakuletwa na moto. Ni mimea ya zamani iliyozikwa na kugandamizwa kwa mamilioni ya miaka. Mlima wa moto ulio jirani nanyi ni Rungwe, kaskazini ya ziwa, katika nchi ya Wanyakyusa.

Kimo chake ni karibu mita 2,960, na kileleni mna shimo kubwa ambalo ukingo wake mmoja umebomoka. Yapata miaka 4,000 iliyopita ulilipuka kwa nguvu nyingi, ukarusha majivu na mawe mepesi yenye vitundu. Mlima Kyejo, ulio karibu nao, ulitoa mawe ya kuyeyuka karibu mwaka 1800. Mlima Fuji wa Japani, wenye sifa ulimwenguni kote, ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1707. Basi moto wa kwetu ulionekana karibuni zaidi. Milima hii imelala, haikufa.

Mbona basi watu wakaa hapo? Kwa sababu majivu, yakiisha kuchakaa kwa jua na mvua, huwa udongo wenye rutuba. Tena upepo wenye unyevu ukipanda mlima hupoa na kumwaga mvua, hata milimita 3,000 kwa mwaka mahali pengine. Kwa hiyo migomba, chai na viazi hustawi sana. Msitu huyapokea maji hayo na kuyatoa polepole katika mito kama Kiwira, uingiao Ziwa Nyasa. Humo mwaka 2003 wataalamu walimwona kipunji, kima ambaye elimu ilikuwa haijamwandika. Mwaka 2009 msitu huo ukafanywa hifadhi.

Msitu ukikatwa, mvua ile ile iletayo neema itauchukua udongo na kuutupa ziwani. Wamatengo walijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana huchimba ngoro ili kuzuia maji mlimani. Ngoro ya Rungwe ni msitu wake.