Kano za Bega Zisizoshoneka: Upasuaji Upi, kwa Mgonjwa Yupi?

Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kombe la mkono mithili ya chungwa juu ya kisahani cha kikombe. Huzunguka kila upande kwa kuwa hakuna kuta za kukizuia, na kwa sababu hiyo hiyo huteleza kwa urahisi. Kinachokishikilia katikati ni misuli minne ambayo kano zake hukikumbatia mbele, juu na nyuma. Tunapoinua mkono, msuli wa deltoidi, ule unaochomwa sindano za chanjo, huvuta mfupa kwenda juu. Kano hizo hukibana kichwa cha mfupa kwenye kisahani chake, na mvuto ukageuka kuwa mzunguko. Kano mbili au zaidi zikikatika kabisa, deltoidi huvuta na mfupa hupanda badala ya kuzunguka. Mgonjwa hushindwa kuanika nguo kwenye kamba au kuchana nywele, na usiku hawezi kulalia upande huo.

Jeraha kubwa la namna hii bado laweza kushonwa, mradi msuli uwe hai. Msuli ambao kano yake imekatika hukosa kazi: hunywea, hujivuta nyuma, na nafasi ya nyama huchukuliwa polepole na mafuta. Mwaka 1994 Mfaransa Daniel Goutallier na wenzake waliyapanga mabadiliko haya katika ngazi tano, sifuri hadi nne, kwa kutumia picha za CT. Leo ngazi hizo husomwa kwenye MRI pia. Katika ngazi ya tatu mafuta hulingana na nyama, katika ya nne huizidi. Kano ya msuli uliofika huko, hata ikivutwa hadi kwenye mfupa na kushonwa, mara nyingi huachia tena.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: mtu aliyevuka miaka 40, akianguka au bega lake likateguka na kurudishwa, kisha wiki mbili baadaye bado hawezi kuinua mkono, asidungwe sindano ya steroidi mara ya pili na ya tatu kwa kudhaniwa kuwa bega limekakamaa. Kuwatofautisha hakuhitaji mashine. Bega lililokakamaa halisogei hata ukilisogeza wewe. Bega lililokatika kano wewe utalisogeza, ila mwenyewe hawezi. Mpelekeni rufaa mapema. Wala kukosekana kwa kamera ya upasuaji kusiwe sababu ya kungoja: jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017, lenye wagonjwa 273, halikuona tofauti ya maana baada ya miaka miwili kati ya kushona kwa kamera na kushona kwa mpasuo wa kawaida.

Jeraha lisiloshoneka tena linahitaji hesabu nyingine, na hesabu hiyo huanzia kwa mgonjwa: ni nini kinachomtesa, maumivu au kushindwa kuinua mkono? Hayo ni mambo mawili. Wapo wazee wengi ambao kano zao zimekatika na bado wanainua mikono, kwa sababu deltoidi na kano zilizosalia zimejifunza kubeba mzigo. Ndiyo maana mazoezi ya deltoidi, yakianzwa mgonjwa akiwa amelala chali na kuendelea kwa miezi mitatu chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, hutangulia upasuaji wowote.

Mwenye maumivu makali lakini anayeweza kuinua mkono hunufaika na upasuaji mdogo: kusafisha kiungo na kuikata kano ndefu ya bisepsi, ambayo mara nyingi ndiyo chanzo cha maumivu. Gilles Walch wa Ufaransa alichapisha mwaka 2005 matokeo ya mabega 307 yaliyotibiwa hivyo, na wagonjwa wengi walipata nafuu. Nguvu hairudi, na msuli huweza kujikunja ukaonekana kama uvimbe juu ya kiwiko. Mgonjwa aambiwe kabla, asije akashtuka.

Hapa ndipo lilipoingia puto. Ni mfuko mdogo uliojazwa maji ya chumvi, unaowekwa juu ya kichwa cha mfupa ili kukishusha, kisha huyeyuka wenyewe mwilini. Wazo lilivutia, nalo lilikuwa likitumika Ulaya kwa miaka kadhaa. Ndipo jaribio lililofanyika katika hospitali 24 za Uingereza, likachapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet, likawagawa wagonjwa 117 kwa bahati nasibu: wote walisafishwa kiungo, wengine wakaongezewa puto. Baada ya mwaka mmoja, katika kipimo chenye upeo wa alama 48, waliosafishwa tu walipata wastani wa 34.3, wenye puto 30.3. Jaribio lilisimamishwa mapema. Uchunguzi wa Marekani uliolilinganisha puto na ushonaji wa sehemu haukuliona kuwa duni, lakini mimi silioni kama kitu cha kumtoza mgonjwa pesa.

Kijana kiasi, tuseme seremala wa miaka 50 ambaye gegedu lake bado ni zima, ana njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kuhamisha msuli: Christian Gerber wa Uswisi alieleza mwaka 1988 jinsi ya kuung'oa msuli mpana wa mgongo na kuupandikiza kwenye kichwa cha mfupa. Hufaa pale kano ya mbele ilipo salama. Isipokuwa hivyo matokeo hudorora. Ya pili ni ya Teruhisa Mihata wa Japani, anayejenga upya paa la kiungo kwa utando mgumu wa paja la mgonjwa mwenyewe. Katika mabega 24 aliyoyaripoti mwaka 2013, uwezo wa kuinua mkono ulipanda kutoka nyuzi 84 hadi 148. Zote mbili zadai mikono yenye uzoefu na miezi mingi ya mazoezi.

Mzee aliyeshindwa kabisa kuinua mkono, au ambaye kiungo kimeshasagika, afikiriwe kiungo bandia cha kinyume. Paul Grammont wa Dijon, Ufaransa, alianza kukitumia mwaka 1985: tufe huwekwa kwenye kombe na kikombe kwenye mfupa wa mkono, hivyo kitovu cha mzunguko hushuka na kuingia ndani, na deltoidi peke yake ikatosha kuinua mkono. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2003. Neva ya deltoidi ikiwa imekufa, kiungo hiki hakina faida, kwa hiyo ipimwe kwanza. Bei yake ni kubwa, na kikiharibika mlango wa kurudi ni mwembamba. Seremala wetu asikimbilie huko.

Baada ya kuwekewa, wiki sita za mwanzo mgonjwa asijisukume kwa mkono huo anapoinuka kwenye kiti au mkeka, wala asiupeleke nyuma ya mgongo kufunga kanga. Kiungo hutoka katika mkao huo huo. Ndugu wa nyumbani waelezwe hivyo siku ya kuruhusiwa, naye apewe tarehe ya kuanza fiziotherapia kabla hajatoka wodini.