Mapenzi na Kodi ya Nyumba: Usawiri wa Utu Uzima katika Tamthilia ya Normal People

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii inatufungulia mlango wa kuielewa Normal People, tamthilia ya televisheni yenye vipindi 12 iliyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka wa 2020. Tamthilia hiyo imetokana na riwaya ya Sally Rooney, mwandishi wa Ayalandi, iliyochapishwa mwaka wa 2018. Makala haya yanaeleza jinsi inavyosawiri mapenzi bila kuficha gharama za utu uzima.

Wahusika wakuu, Connell na Marianne, wanasoma shule moja ya sekondari huko Sligo, magharibi mwa Ayalandi. Marianne anatoka katika familia tajiri. Mamake Connell huajiriwa kufanya usafi katika nyumba hiyo hiyo. Wanapendana kwa siri, kwa kuwa Connell anachelea maneno ya wenzake. Baadaye wanakutana tena katika Chuo cha Trinity, Dublin, na mizani inageuka: Marianne amezungukwa na marafiki, Connell ni mgeni.

Katika tamthilia nyingi za mapenzi, wapendanao hutenganishwa na mhasimu: mzazi mkali au mpinzani mwenye hila. Hapa kinachowatenganisha ni kodi ya nyumba. Likizo ndefu inapowadia, Connell hana tena uwezo wa kulipia chumba. Anachohitaji ni kumwomba Marianne amkaribishe kwake, lakini sentensi hiyo moja inamshinda. Anasema tu kwamba atarudi kwao. Marianne naye, ambaye hajawahi kuwazia kodi maishani mwake, anadhani ameachwa. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, hata wakiwa wanapendana kwa dhati.

Kimya hicho kinamfuata Connell. Rafiki yake wa shuleni anapojitoa uhai, anazama katika sonona hadi anaketi mbele ya mshauri nasaha na kulia. Kamera inaukazia uso wake macho bila haraka. Mwanamume aliyefunzwa kujikaza kisabuni anatamka hatimaye kwamba ameelemewa. Paul Mescal, aliyeigiza nafasi hiyo, alituzwa na BAFTA mwaka wa 2021.

Mwisho wake hauna harusi. Connell anapata nafasi ya kusomea uandishi New York, na Marianne anaamua kubaki. Tofauti na awali, safari hii wanaambiana kila kitu waziwazi. Wanaagana, lakini hakuna anayedhani ameachwa.

Hapo ndipo ulipo ukomavu wa kazi hii. Inatuonyesha kwamba mtu mzima si yule asiyepungukiwa, bali ni yule awezaye kuutaja upungufu wake mbele ya ampendaye. Sisi tunaoishi katika mabweni na vyumba vya kupanga tunaijua sentensi iliyomshinda Connell. Huenda wapo miongoni mwetu ambao hawajaitamka hadi leo.