Mboga za Kiangazi Bila Kugombania Maji

Ashukaye garimoshi la TAZARA pale Makambako mwezi wa Julai hupokewa na upepo mkavu. Na akiendelea kwa basi hadi Njombe, hukuta baridi iwezayo kuunguza majani ya nyanya. Mvua huwa imekwisha, nayo hairudi mpaka karibu na Novemba. Katika miezi hiyo ndoo moja ya maji hudaiwa na jiko, na watoto, na bustani. Je, kitalu nyumba kitapata wapi maji bila kuinyang'anya familia?

Jibu la kwanza liko juu ya kitalu chenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Njombe hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Basi paa la nailoni la mita 8 kwa 15 hupokea zaidi ya lita 120,000.

Jibu la pili ni matone. Miche 100 ya nyanya inayozaa hutosheka na takribani lita 2 kila mmoja kwa siku, yaani pipa moja la lita 200. Liinuliwe mita moja, na maji yatashuka yenyewe katika mipira yenye matundu, yadondoke shinani. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa siku 180 za kiangazi ni lita 36,000, chini ya theluthi ya mvua ya paa. Gharama, basi, si ya maji bali ya kuyahifadhi: shimo lililotandikwa nailoni nene na kufunikwa vema.

Aidha, yafaa kuangalia udongo. Nyanya zikirudiwa mahali pamoja huweza kuleta mnyauko wa bakteria, ugonjwa usio na dawa. Ndiyo sababu wengine hupanda katika mifuko. Njombe ni nchi ya mbao, na unga wa mbao hufaa, ila ukiwa mbichi huiibia mimea naitrojeni. Hapana budi uozeshwe pamoja na samadi kwa miezi kadhaa, hata uwe mweusi. Pumba za mpunga kutoka Usangu, zikichomwa nusu, huongeza hewa mizizini. Unga wa nguzo zilizotiwa dawa usitumike kamwe.

Kwa hiyo, ndugu, kabla hujanunua nailoni ya kitalu, pima paa lako, nawe uchimbe hifadhi yako kabla ya Novemba. Asiyekinga maji masika hana haki ya kuilaumu Julai.