Bakteria Wanaougeuka Mwani

Katika mililita moja tu ya maji ya bahari huishi bakteria wapatao milioni moja, na wengi wao hupata riziki yao kutoka kwa mwani usioonekana kwa macho, yaani viumbe vya seli moja vinavyoelea karibu na uso wa maji na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mwani huo, ambao hufanya takriban nusu ya usanisinuru wote wa dunia, huvujisha sukari na kemikali nyingine kwenye tabaka jembamba la maji linaloizunguka kila seli, na ndani ya tabaka hilo, ambalo wanasayansi huliita fikosfia, bakteria hukusanyika, hulishwa, na wakati mwingine huua.

Njia za kuua ni mbili kuu. Baadhi ya bakteria hulazimika kuigusa seli ya mwani ili kuiangamiza, ilhali wengine hutoa sumu au vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, vikafanya kazi hiyo kwa mbali. Kordia algicida, aliyegunduliwa Korea Kusini katika Ghuba ya Masan, ni wa kundi la pili: vimeng'enya vyake vya kuvunja protini huziangamiza diatomu, mwani wenye ganda la silika, ingawa diatomu aitwaye Chaetoceros didymus humstahimili kwa kutoa vimeng'enya vyake mwenyewe.

Hata hivyo, kumwita bakteria muuaji na kuishia hapo ni kupoteza sehemu kubwa ya ukweli, kama inavyoonekana kwa bakteria wa jenasi Phaeobacter na mwani Emiliania huxleyi, ambao hujifunika visahani vya chokaa na huweza kusitawi kwa wingi hadi bahari ikageuka rangi na kuonekana kutoka kwenye setilaiti. Mwaka 2011 Mohammad Seyedsayamdost na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza kwamba, mwani ungali na afya, bakteria hawa huupa kemikali inayochochea ukuaji pamoja na antibiotiki inayoweza kuukinga dhidi ya bakteria wengine, nao hulipwa kwa DMSP, kampaundi yenye salfa ambayo kwao ni chakula. Mwani unapozeeka huanza kutoa asidi ya p-kumariki, dutu inayofanana na zile zinazopatikana pale lignini, inayoipa miti ugumu wake, inapovunjika. Bakteria wakishaipokea ishara hiyo, huanza kutengeneza sumu zinazoitwa roseobaktisidi na kumuua yule yule waliyekuwa wakimlea. Mwaka 2016 utafiti mwingine ulionyesha kwamba homoni moja, asidi ya indoli-asetiki, ambayo mimea ya nchi kavu pia huitumia kukua, hutolewa na bakteria hawa na kuhusika katika ukuaji wa mwani na katika kifo chake pia. Kinachoamua, basi, ni umri na hali ya mwani zaidi ya jina la bakteria, na jambo hilo linastahili kuzingatiwa na kila anayetaka kuwatumia viumbe hawa kama dawa dhidi ya mwani wenye madhara.

Haja ya dawa hiyo ni ya kweli. Mwaka 1972 mwani wa jenasi Chattonella, ulioripuka katika eneo la Harima-Nada nchini Japani, uliua samaki wa kufugwa wapatao milioni 14 na kusababisha hasara ya yen bilioni 7.1. Lakini bakteria waliofanikiwa ndani ya chupa ya maabara, wakimwagwa baharini, husambaa na kuliwa na viumbe vingine vidogo, na seli za mwani wenye sumu zikipasuka zote kwa pamoja huweza kuimwaga sumu hiyo majini. Kwa sababu hiyo pendekezo la Ichiro Imai na wenzake huko Japani lina busara zaidi: waligundua kwamba bakteria wanaoua mwani hujaa kwenye utando wa ute unaofunika magugu bahari na majani ya nyasi za baharini, wakashauri mimea hiyo ipandwe au ihifadhiwe karibu na vizimba vya samaki, ili bakteria waendelee kutoka humo kidogo kidogo kabla mwani haujapata nafasi ya kuripuka.