Virusi ilificha dosie ya mujane

Bandugu wa kazi, na ninyi ba mama wa kambi, musikilize ile ilinipata mwezi uliopita.

Miye ni delege wa sendika. Nilikuwa nimeweka mu flashi makaratasi ya mujane wa mwenzetu mumoja: bileti za mushahara, cheti cha kifo, barua za munganga. Bileti zingine, karatasi yenyewe ilikwisha kuharibika na mvua. Siku tatu mbele ya kuzipeleka ku CNSS, nilienda kuchapisha ku sibere moja. Kurudi nyumbani, naingiza flashi mu ordinateri: dosie hakuna, kumebaki vishale vidogo tu, vile wanaita «raccourcis».

Nilivifuta, vikarudi. Antivirusi ikasema imemaliza. Kesho yake vikarudi tena. Ilikuwa kama kupompa maji mu shimo bila kuziba kwenye yanaingilia. Windows ikiwaka, virusi nayo inaamuka na kujilinda.

Kijana mumoja fundi wa masini alinionyesha njia.

Kwanza, kata intaneti, tosha flashi. Usifinye ku kishale hata kimoja: kile njo kinaamusha virusi.

Pili, ingia mu «Sécurité Windows», mu «Options d'analyse», chagua ile ya Microsoft Defender yenye kuandikwa «hors ligne» ao «hors connexion». Masini inajizima, inawaka upya, na kutafuta mbele Windows haijaamuka. Ni karibu dakika 15. Virusi inakamatwa ingali mu usingizi.

Tatu, ordinateri ikiwa safi, rudisha flashi, uipitishe antivirusi, ufute vishale. Dosie haikupotea, imefichwa tu. Fungua «Invite de commandes», uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi yako. Ikiwa F, andika F.

Kama virusi inarudi tena, kopia makaratasi na mapicha tu, hapana programu, kisha uweke Windows upya. Na maneno ya siri ya barua pepe, uyabadilishe ku masini ingine yenye iko safi.

Makaratasi ya mama tuliyapata yote. Lakini nilikuwa na kopi moja tu, na kosa hilo ni langu. Sasa dosie ya kila mufanyakazi ninaiweka fasi tatu: ku ordinateri, ku flashi isiyoenda sibere, na karatasi mu kabati. Nanyi mufanye vile leo.